Tone Moja kwa Kila Debe

Boksi limefika na basi la Masasi, gundi tele,
picha yake inang'aa kuliko kilichomo.
Ubavuni wameandika: SAIZI HALISI.
Nimecheka peke yangu, tupa mkononi.

Halisi ya nani?
Lista hii inasaga makopa ya Kitangari
tangu mama yangu hajavunja ungo.
Silinda yake imelika upande wa kushoto
kama kisigino cha kandambili ya mtu mmoja,
na mtu huyo hakuna kiwanda kinachomjua.

Ringi ya kwanza naitumbukiza,
naisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa.
Ncha zimepandana,
walevi wawili mlangoni, kila mmoja anataka kutangulia.
Ya pili imeachana, sarafu inapita kwa ubavu.
Ndugu wa boksi moja!
Ile naipiga tupa, mara tatu na kupima,
mara tatu na kupima.
Hii nampa Mchopa akafungie banda la kuku.

Gasketi ni ya shaba, nzuri, ya kuvaa shingoni,
ila tundu la maji linatazama chuma kitupu.
Maji yangegonga ukuta, yakarudi yanachemka
kuuliza kosa lao.
Natoboa. Shaba inalia chini ya kekee.

Lakini beringi ndiyo iliyonikosesha usingizi.
Niliifunga magharibi, nikashika hendeli,
gurudumu likagoma,
kimya,
kama mgeni aliyeambiwa karibu akaganda kizingitini.
Wapo mafundi wa kusema: washa tu, itajizoesha.
Mimi nimekiona kilichojizoesha:
kranki ya Nanyamba, imebabuka bluu kwa moto,
na mwenyewe akiuza mikorosho yenye maua.

Nikawasha koroboi.
Nikaiinamishia kipande cha bati, bati likavuna masizi,
masizi nikayapaka kwenye kranki kwa kidole na tone la oili.
Funga. Zungusha robo. Fungua.
Palipo peusi ndipo panapobana.
Kwangua hapo tu, si penginepo.
Paka. Funga. Fungua.
Shule yangu iliishia darasa la tano,
lakini weusi ule niliusoma mpaka jogoo wa pili,
na kila nilipousoma ulikuwa umebadilisha maneno.

Bi Somoe akaja na umande miguuni.
Mashine ni yake, aliachiwa na marehemu.
Akaichukua beringi ya zamani, akaigeuzageuza,
akaiweka kando ya mpya.
"Mume wangu wa pili naye," akasema, "walimleta na sifa zake.
Kanzu za marehemu zilimkaa sawasawa.
Ila nyumba ilikuwa inapata moto."
"Hukumkwangua?"
"Nilichoka mimi kwanza."

Saa nne tukaizungusha, Mchopa hendeli, mimi valvu.
Nikaiachia: moshi.
Tena: kikohozi cha mtu aliyepaliwa na ugali.
Tena,
tuk,
nikadhani ndiyo basi,
tuk,
tuk tuk tuk tuk,
na bati za paa zikaitikia,
na wanawake waliokalia ndoo zao nje
wakasimama, hakuna aliyewaambia.

Sijasema imepona.
Penye siili mpya, nayo imeandikwa halisi,
tone la oili linachungulia, linajifikiria,
linaanguka.
Nimehesabu asubuhi nzima: tone moja kwa kila debe.
Nimetega kopo la nyanya.

Bi Somoe ameinama, ameliangalia.
"Litajaa lini?"
Kwa hesabu yangu, msimu wa korosho.
"Vizuri," akasema, akajitwika unga wake.
"Likijaa, njoo nikulipe."